Usikimbie Baada ya Komunyo

Wiki hii nimepata ujumbe wa msichana mmoja aliyeuandika usiku wa manane, nami nimeusoma mara tatu. Anasali rozari kila siku kabla ya kulala, amemaliza novena mbili mfululizo, kila Ijumaa anafunga, na bado anaona kama anaongea na dari. "Dada, nimekosea wapi?"

Kwenye hiyo rozari hajakosea popote, na asiiache. Mimi nilimuuliza mambo mawili tu. Mara ya mwisho kuungama ilikuwa lini? Na Jumapili ukishapokea Komunyo, dakika kumi zinazofuata unazitumiaje? La kwanza alinijibu kwamba ni Kwaresima ya mwaka juzi. La pili akanijibu bila kuficha: "Natokea mlango wa pembeni niwahi daladala."

Nimeona nimjibu hapa mbele yenu wote, kwa sababu ningeulizwa maswali hayo miaka kumi iliyopita ningejibu hivyohivyo. Sisi tuna bidii ya kusali. Jumuiya tunakwenda, mikesha tunakesha, mfungo tunaujua. Ila tumezoea kuweka sala kwenye kapu lake na sakramenti kwenye kapu lake. Sala ni kazi yangu ya chumbani, ninapopiga magoti na kumweleza Mungu shida zangu. Sakramenti ni sherehe: gauni jeupe, keki, mpiga picha, na cheti kinachokaa kwenye bahasha hadi siku Paroko atakapokidai kwa ajili ya ndoa. Kwa mpango huo sala lazima ikauke, maana unachota kila siku kwenye ndoo yako mwenyewe na kisima kipo hapo uani hujakitelemshia kamba.

Katika sakramenti anayeanza ni Mungu. Wewe hujatamka neno, yeye ameshakuosha, ameshakulisha, ameshakusamehe. Sala yako ni kumjibu. Ndiyo maana anayejitegemea kwa maneno yake tu huchoka haraka: anajibu swali ambalo hakukaa kulisikiliza.

Tuanze na Misa, kwa sababu ndiko tunakoenda wengi na ndiko tunakopoteza vingi. Kanisa linatutaka tufunge kula na kunywa kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo. Maji na dawa havivunji mfungo huo, na wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi nao. Wengi tunaichukulia saa hiyo kama sheria ndogo ya kutokunywa chai na vitumbua njiani. Jaribu kuigeuza iwe sala. Ukisikia tumbo linaguna ukiwa kwenye foleni ya kituo, mwambie Yesu kimoyomoyo kwamba hii ndiyo njaa unayompelekea. Jumamosi jioni fungua Misale ya Waumini usome masomo ya kesho yake, hata kama ni Injili peke yake. Neno ulilolala nalo utalisikia tofauti asubuhi.

Na Padre anapotamka "Tuombe" mwanzoni mwa Misa, kisha akanyamaza kidogo, kimya hicho si cha kutafuta ukurasa. Kimewekwa ili kila mmoja ataje nia yake moyoni, na sala anayoisoma Padre inafuata kuzikusanya nia zote pamoja. Mimi nilikaa miaka mingi kanisani bila kulijua hilo. Siku hizi nakuwa na nia yangu tayari kabla sijavuka mlango, na ni moja tu, kwa sababu kimya chenyewe ni kifupi. Vivyo hivyo wakati wa vipaji. Unapoona mkungu wa ndizi, debe la mahindi na sabuni vinapita katikati kwenda altareni, weka na wewe chako kimoyomoyo: ile kazi usiyoipenda, huyo mtoto anayekunyima usingizi, deni la ada. Ukifika kwenye Mageuzo una kitu chako pale juu, hutazami kwa mbali tena.

Sasa Komunyo yenyewe. Kanisa linatufundisha kwamba Kristo yumo katika Ekaristi kwa muda wote ambao maumbo ya mkate na divai yanadumu. Yaani unaporudi kwenye benchi umembeba. Husimuliwa juu ya Mtakatifu Filipo Neri kule Roma kwamba alimwona mtu mmoja akitoka nje mara tu baada ya kupokea, akawatuma watumikiaji wawili na mishumaa inayowaka wamsindikize barabarani, kama tunavyoisindikiza Sakramenti Kuu siku ya maandamano ya Ekaristi. Mtu yule alielewa, akarudi ndani. Kila nikiikumbuka hadithi hiyo naona mlango wetu wa pembeni, na mimi mwenyewe nimeshika pochi na funguo.

Najua kwamba makanisani mwetu kimya baada ya Komunyo ni adimu. Kwaya inaimba wimbo wa shukrani, yanafuata matangazo, mchango wa ujenzi, pengine na mnada wa kuku. Yote hayo ni maisha ya parokia, na sisemi yaondolewe. Wewe funga macho hapohapo ulipo. Misa ikiisha na watu wakitawanyika, kaa. Dakika kumi. Kama wanakwaya wanabaki kufanya mazoezi, hamia karibu na tabernakulo.

Useme nini? Mwanzo usiseme kitu. Halafu mwite kwa jina lake, Yesu, taratibu, kama unavyomwita mtu mliyekaa naye chumba kimoja. Mshukuru kwa jambo moja ulitaje wazi: "asante kwa homa ya mtoto iliyoshuka Alhamisi" ina uzito kuliko "asante kwa yote." Kisha omba. Mwisho nyamaza tena, na kimya cha pili usikiogope. Mimi nilijifunza kunyamaza mwaka niliokuwa namuuguza mama. Jumapili moja niliingia kanisani nimetoka wodini sijalala, nikapokea, nikarudi kukaa, na sikuwa na neno hata moja. Niliweka mkono kifuani, basi. Nilikuwa nimesali kwa maneno mengi wiki nzima, lakini pale ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu na ule ugonjwa.

Kuna mazoea yanayotajwa katika maisha ya Mtakatifu Aloisi Gonzaga, aliyefariki Roma mwaka 1591 akiwa na miaka 23 baada ya kuwahudumia wagonjwa wa tauni. Siku tatu baada ya Komunyo ya Jumapili alikuwa akishukuru, na siku tatu zilizofuata akijiandaa kwa Komunyo nyingine. Wiki nzima ikawa imeshikamana na meza moja. Enzi zake kupokea kila wiki kulikuwa kupokea mara nyingi. Wakristo wengi walikaa miezi bila Komunyo, na ni mwaka 1905 ndipo Papa Pius wa Kumi alipotoa hati ya kuwahimiza waamini wapokee mara kwa mara, hata kila siku. Jumatatu hadi Jumatano asante, Alhamisi hadi Jumamosi karibu. Hili hata anayeuza mboga sokoni tangu alfajiri analiweza, kwa kuwa halidai muda wa pekee.

Nami nataka mkumbuke majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Novemba 1882 wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walilazimika kuondoka Buganda wakahamia kusini mwa Ziwa Victoria, upande wetu huu, wakakaa Bukumbi karibu na Mwanza. Walirudi Julai 1885. Karibu miaka mitatu Wakristo wapya wa Buganda hawakuwa na Misa wala kitubio. Wachache waliobatizwa waliwafundisha wengine, wakasali pamoja kwa siri, na mapadre waliporudi walikuta kundi limekua. Novemba ya mwaka huohuo, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa Wakristo hao, alipouawa, mwenzake Karoli Lwanga alikimbilia misioni akabatizwa. Na Mei 1886, ilipojulikana kwamba kifo kiko mlangoni, Lwanga mwenyewe aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama kumi na minne. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Vijana wale walikuwa wanajua kusali, jumuiya yao ilikuwa imesali karibu miaka mitatu bila padre. Lakini saa ilipofika waliyataka maji ya Ubatizo kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nina Misa ya saa 12 asubuhi, dakika kumi na tano kwa mguu kutoka nyumbani, na nimewahi kuiacha kwa sababu ya manyunyu.

Turudi kwenye swali la kwanza, lile la kuungama, maana hapa ndipo wengi mnaponiandikia kwa woga.

Mtoto amevunja kikombe cha mama. Ameficha vigae chini ya kitanda. Jioni nzima anaongea na mama, anacheka, anaosha vyombo bila kuambiwa, lakini uso wake ameugeuza pembeni. Mama anamsikia, anampenda, hajabadilika. Aliyebadilika ni mtoto. Sala nyingi zinazogonga dari ni mazungumzo ya namna hiyo. Tunamwambia Mungu kila kitu isipokuwa kilichoko chini ya kitanda.

Mnaniuliza, je, Padre akinitambua sauti? Anaweza kukutambua. Lakini hawezi kulitamka ulilomwambia, wala kulitumia dhidi yako, wala kukuonyesha kwa jicho kwamba analikumbuka. Muhuri wa kitubio hauna ruhusa ya pembeni: si kwa askofu, si kwa mahakama, si kwa kuokoa maisha yake mwenyewe. Padre anayeuvunja waziwazi anajitenga papo hapo na ushirika wa Kanisa. Na bado kama aibu imekushinda, nenda parokia nyingine. Hakuna sheria inayokulazimisha kuungama kwenu.

Mnaniuliza pia mseme nini. Taja ni muda gani tangu ulipoungama mara ya mwisho. Taja dhambi zako kwa majina yake, na zile kubwa utaje na idadi kadiri unavyokumbuka. Usiungame dhambi za mume, za wifi, wala za bosi. Huwa tunaanza vizuri, "nimekasirika," kisha robo saa nzima tunamweleza Padre aliyetukasirisha ni nani na alifanya nini. Ukisahau namna ya kuendelea mwambie tu, "Padre, nisaidie." Kisha malipizi utakayopewa yasali kanisani palepale kabla hujatoka. Ukipewa Baba Yetu tatu, zisali taratibu. Baba Yetu ya mtu aliyetoka kusamehewa ni sala nyingine kabisa, jaribu uone.

Nitawaambia na hili kwa sababu sitaki mdhani nasema nikiwa juu ya mlima. Nikiwa msichana, padre mmoja alinifokea kitubioni, kwa sauti, na kulikuwa na foleni nyuma yangu. Nilikaa miaka minne bila kurudi. Aliyenirudisha ni sista mmoja mzee. Nilipomsimulia hakumtetea yule padre, wala hakunisema. Aliniuliza tu, "Na Yesu naye alikufokea?" Kama umeumizwa mahali pale, nakuelewa, na maumivu yako si ya kupuuzwa. Tafuta padre mwingine mwenye upole, wapo wengi. Miaka yangu minne niliisali yote nimegeuza uso, na hakuna aliyepata hasara ila mimi.

Sheria inatudai kuungama dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Mimi nakushauri kila mwezi. Wengi hushika Ijumaa ya kwanza, kwa ajili ya ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na inasaidia kuwa na siku isiyobadilika. Mwezi mmoja bado unakumbuka ulichofanya.

Sasa nyinyi mnaobaki kwenye benchi wenzenu wakipanga mstari. Nawaona kila Jumapili. Unaishi na mwanaume miaka saba, una watoto wawili, ndoa ya Kanisa haijafungwa. Wengine mahari haijaisha, wengine mume ni wa dini nyingine, wengine yeye anasema atafunga "mwakani" na mwakani haifiki. Unapokaa pale na wengine wanakuruka miguu kwenda mbele, inauma.

Kwanza, usiache Misa. Neno ni lako, sala ya Kanisa ni yako, Ubatizo wako haujafutika. Wakati wenzako wanapokea, piga magoti ufanye Komunyo ya tamaa: mwambie Yesu unamtamani, mwombe aje rohoni mwako kwa namna anayoijua, na umwambie ni nini kinakuzuia. Usiisali kama kifuta machozi. Njaa iliyotajwa hivyo inaweza kuchimba ndani kuliko Komunyo iliyopokelewa kwa mazoea.

Pili, nenda kwa Baba Paroko wiki hii, usisubiri semina. Wengi mmejifunga kwa vizuizi ambavyo havipo. Mahari kutomalizika si kizuizi cha ndoa katika sheria ya Kanisa. Ni suala la wazee, na wazee huongeleka. Mwenzako akiwa Mlutheri au Mwanglikana, kuna ruhusa ya ndoa ya mseto. Akiwa Mwislamu, au hajabatizwa, kuna ruhusa inayoombwa kwa Askofu, na wewe unaahidi kufanya kila unaloweza ili watoto wabatizwe na kulelewa katika imani yako. Hata pale ambapo mlikwisha kufunga ndoa ya serikali na mume amekataa kata kata kusimama tena mbele ya altare, bado kuna njia ambazo Paroko anaweza kuziangalia. Na kama kuna ndoa ya zamani iliyovunjika, mahakama ya Kanisa ya jimbo ipo. Usijihukumu mwenyewe nyumbani na faili lako halijafunguliwa.

Kuhusu Ubatizo na Kipaimara nitasema kwa ufupi. Itafute tarehe yako ya ubatizo kwenye cheti, uiandike mahali unapoiona, na siku hiyo ikifika washa mshumaa, sali Nasadiki polepole. Unapochovya kidole kwenye maji ya baraka mlangoni, chovya ukijua unachokifanya. Na mapaji saba ya Roho Mtakatifu uliyokariri kwa katekista hayakuwa ya mtihani. Chukua moja, mathalani shauri, uliombe asubuhi kabla ya kikao unachokiogopa.

Kuna sakramenti moja tunayoikimbia kabisa, nayo ni Mpako wa Wagonjwa. Mama yangu alipopangiwa operesheni aliomba aitiwe padre. Shangazi zangu walikataa, wakasema tunamchuria, tunaita kifo. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye mgonjwa." Nikaenda kumwita. Kanisa halisemi mpako ni wa anayekata roho. Ni wa mwenye ugonjwa mzito, wa anayekwenda kufanyiwa operesheni kubwa, wa mzee ambaye nguvu zimemwishia, na ugonjwa ukizidi mpako unaweza kurudiwa. Padre alimwekea mikono kichwani bila kusema kitu, kisha akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani.

Viganja vile ndivyo ninavyovikumbuka. Mama alikuwa mtu wa rozari maisha yake yote, na wiki zile vidole havikuweza tena kusogeza punje. Alikuwa analia kwa hilo, anasema hawezi kusali. Baada ya mpako hakulia tena. Aliishika rozari ngumini bila kuihesabu, akalala nayo, na nilipomuuliza kama nimsalie kwa sauti alisema, "Kaa tu, tunasali." Aliishi miezi mitano baada ya operesheni. Shangazi yangu mkubwa, yule aliyekataa, mwaka jana alipougua aliniagiza mwenyewe nimwitie padre.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia usiku, rozari endelea nayo. Jumamosi hii jioni uliza mapadre wanasikiliza maungamo saa ngapi, uende na vile vigae vya chini ya kitanda. Jumapili ukishapokea rudi kwenye benchi, weka pochi chini, funga macho. Daladala hiyo iache iende. Nyuma yake kuna nyingine.